Kura Kumi na Tisa za Likoni: Uchambuzi wa Kisa cha Programu ya Kupigia Kura Isiyokaguliwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo mjini Mombasa. Jina la chama, jina la kampuni iliyotukodishia mitambo, mwaka wa uchaguzi na majina ya wahusika wote yameondolewa, na kazi za baadhi yao zimebadilishwa kidogo ili wasitambulike. Majina ya vituo nimeyaacha, kwa kuwa ni vigumu kupata chama cha aina hii mjini kisichokuwa na wanachama Likoni au Changamwe. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watano wa kamati ya uchaguzi, na uamuzi mmoja kati ya maamuzi mabaya ya siku ile ni wangu.

Usuli

Kwa miaka mingi chama kilichagua viongozi wake kwa karatasi katika mkutano mkuu wa mwaka, na zamani zaidi kwa kuinua mikono. Wanachama walipoongezeka na kutawanyika kuanzia Kisauni hadi ng'ambo ya Likoni, ukumbi mmoja haukutosha tena, na hesabu ya karatasi ilikuwa ikiendelea hadi usiku wa manane huku watu wakisukumana kuizunguka meza. Ndipo bodi ilipoamua kukodi mfumo wa kielektroniki: vishikwambi viwili katika kila kituo, programu ya kupigia kura, na seva ya kujumlisha matokeo. Vituo vilikuwa vinne, yaani Kisiwani, Kisauni, Likoni na Changamwe.

Kampuni ilituonyesha programu yake kwa muda wa dakika arubaini na karibu kila mtu akaipenda. Aliyeuliza karatasi iko wapi alikuwa mwanachama mmoja tu, mama mstaafu aliyewahi kuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Fundi alimjibu kwa adabu, "Mama, mtambo huu haukosei hesabu." Naye akamwambia, "Mwanangu, meli ilikuja na hesabu yake, na bado sisi tulisimama gatini na daftari letu. Zisipolingana, mzigo hautoki." Kwa sababu ya hoja yake kamati ilidai printa ndogo ya risiti katika kila kituo, ili mpiga kura akishachagua apate kipande cha karatasi chenye chaguo lake, akisome, akikunje na kukitumbukiza sandukuni mbele ya mawakala. Kampuni ilitoza nyongeza, bodi ikanung'unika, lakini printa zikaja.

Mkataba wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba programu ni mali ya kampuni na siri yake ya biashara, na kwamba chama kinakodi huduma tu. Haukuwa na kifungu cha kutupa haki ya kukagua msimbo wa programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, wala cha kukataza programu isibadilishwe baada ya kujaribiwa, wala cha kueleza nani anamiliki kumbukumbu za mtambo baada ya kura. Tuliusoma, tukajadili bei, tukatia sahihi.

Mfuatano wa matukio

Wiki mbili kabla ya uchaguzi tulifanya jaribio mbele ya mawakala wa wagombea wote. Kura sitini za mfano zilipigwa, jumla ikalingana, mawakala wakatia sahihi, na watu wakaenda nyumbani wameridhika. Usiku wa kuamkia siku ya kura, kampuni iliweka toleo jipya la programu katika vishikwambi vyote vinane ili kuongeza kasi ya kutuma matokeo. Haikumwarifu mwanachama yeyote, wala mjumbe yeyote wa kamati. Programu tuliyoijaribu na programu iliyopigiwa kura hazikuwa kitu kimoja, na sisi tulilijua hilo siku kumi na saba baadaye.

Siku ya kura ilianza vizuri. Kabla ya adhuhuri mtandao ulikatika Likoni kwa muda; wapiga kura waliendelea, kwa kuwa kishikwambi kiliweza kuhifadhi kura na kuzituma mtandao ukirejea. Changamwe shida ilikuwa nyingine. Printa ilikwama baada ya wapiga kura sitini na mmoja, na printa ya akiba ilikuwa Kisiwani. Msimamizi wa kituo alinipigia simu akaniambia foleni imefika barabarani, jua ni kali na wazee wameanza kuondoka. Nilimwambia aendelee bila karatasi hadi printa ifike. Gari lililoibeba lilikwama kwenye msongamano, na ilipofika kituo kilikuwa kimebakiza dakika chache kufungwa. Wanachama 126 walipiga kura pale bila kuacha alama yoyote nje ya mtambo.

Jioni matokeo yalionyeshwa kwenye skrini ya ukumbi na papo hapo yakaanza kusambaa katika makundi ya WhatsApp. Kwa nafasi ya mweka hazina, mgombea wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa akishikilia nafasi hiyo, alipata kura 521, mgombea wa pili akapata 510, na wanachama 11 hawakumchagua yeyote. Mshindi alipongezwa na picha zikapigwa.

Wakala wa mgombea wa pili alibaki Likoni akihesabu sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Zilikuwa 212. Seva ilikuwa imeandikisha kura 231 kutoka kituo hicho. Alihesabu mara tatu, kisha akampigia simu mwenyekiti wa kamati. Usiku ule aliitwa mkorofi na watu kadhaa, wakiwemo wawili wa kamati yetu, na ninaona ni haki iandikwe hapa kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi ambayo sisi tulipaswa kuifanya kabla ya kutangaza chochote.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusitisha matokeo ya nafasi zote, si ya mweka hazina peke yake. Kura za ziada za Likoni ziliingia katika kila nafasi, ingawa kwa nafasi nyingine pengo kati ya wagombea lilikuwa kubwa kiasi kwamba kura kumi na tisa zisingebadili mshindi. Vishikwambi vilizimwa, vikatiwa katika mifuko iliyofungwa kwa lakiri na kukabidhiwa kwa afisa wa ushirika, ambaye si mwanachama. Kampuni ilitaka ivichukue usiku uleule "ili ikachunguze." Tulikataa, kwa kuwa anayetuhumiwa hapaswi kukaa peke yake na ushahidi.

Asubuhi yake tulihesabu vipande vya karatasi. Kisiwani vilikuwa 348 na Kisauni 276, na vilikubaliana na seva kwa idadi na kwa mgawanyo wa kura. Likoni vilikuwa 211. Mwanachama mmoja alikiri kwamba alitoka na chake mfukoni. Vipande vya Likoni vilionyesha kwamba kati ya kura kumi na tisa za ziada, kumi na sita zilikuwa za mgombea wa kwanza na tatu za wa pili. Zikiondolewa, wa kwanza anabaki na 505 na wa pili 507. Mshindi alikuwa amebadilika, kwa kura mbili, na nyuma ya kura hizo mbili kulikuwa na kura 126 za Changamwe ambazo hakuna aliyeweza kuzihakikisha.

Hapo ndipo tulipoomba msimbo. Kampuni ilikataa kwa barua, ikitaja kifungu cha siri ya biashara, na kisheria ilikuwa na mahali pa kusimama kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumekitia sahihi. Tulijibu kwamba hatutalipa sehemu iliyobaki ya gharama mpaka tuelezwe kura kumi na tisa zimetoka wapi, na kwamba hatuhitaji msimbo uchapishwe, bali usomwe na mtu mmoja tunayemwamini sote. Baada ya siku kadhaa za kuvutana tulikubaliana juu ya mhadhiri wa kompyuta asiye mwanachama. Alitia sahihi hati ya kutunza siri iliyomruhusu kueleza hadharani alichokiona bila kuutoa msimbo wenyewe.

Jambo la kwanza alilodai lilitushangaza. Kabla ya kusoma mstari hata mmoja, alitaka kampuni iijenge programu upya mbele yake kutokana na msimbo iliomletea, kisha ailinganishe na programu iliyokuwa ndani ya vishikwambi vilivyotiwa lakiri. Ulinganisho huo hufanywa kwa alama ya utambulisho, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka programu nzima, ambao hubadilika kabisa hata kama kilichobadilishwa ndani ni nukta moja. Alama hazikulingana. Kampuni ilikuwa imempa toleo la siku ya jaribio. Ndipo habari ya toleo la usiku ule ilipojulikana, na msimbo wake ulipoletwa alama zikalingana.

Kosa lilipatikana katika sehemu ya kutuma kura. Kishikwambi kilituma fungu la kura kumi na tisa, seva ikazipokea, lakini mtandao ukakatika kabla jibu la kuzipokea halijarudi. Mtandao ulipotulia, kishikwambi kilidhani hazikufika, kikatuma fungu lilelile tena. Katika toleo la zamani kila kura ilikuwa na namba ya pekee na seva ilikataa namba iliyojirudia. Katika toleo jipya hatua hiyo ilikuwa imeondolewa ili kutuma kuwe kwa kasi. Kwamba kumi na sita kati yao zilikuwa za mtu mmoja lilitokana na kundi la wafanyakazi wa idara moja walioshuka pamoja kwenye feri na kupiga kura kwa kufuatana. Mhadhiri hakuona dalili ya hila.

Katikati ya ukaguzi kulizuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kumbukumbu za mtambo ziliweka kila kura pamoja na saa, dakika na sekunde yake. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina kwa mpangilio wa kuingia. Mtu akiziweka hati hizi mbili sambamba, anaweza kushuka mstari kwa mstari akakisia kwa karibu sana nani alimchagua nani. Katika chama ambacho watu huketi mbele ya viongozi haohao kuomba mkopo wa karo au wa matibabu, hilo ni jambo zito. Tuliamua mhadhiri apewe kumbukumbu bila daftari, daftari libaki kwa afisa wa ushirika, na mtu yeyote asiruhusiwe kuona vyote viwili. Wakala wa mgombea wa pili alipinga kwa kuwa alitaka uwazi kamili. Nilimwelewa, na bado naamini tulifanya sawa: mtambo ndio unaopaswa kuwa wazi, na mpiga kura abaki amefichwa.

Uamuzi wa mwisho ulihusu Changamwe. Baadhi yetu walitaka kura ya mweka hazina irudiwe katika kituo hicho pekee. Tulikataa, kwa sababu wanachama wa Changamwe wangeingia kituoni wakijua kwamba wao ndio watakaoamua kila kitu, na shinikizo juu yao lingekuwa kubwa mno. Tuliirudia nafasi hiyo katika vituo vyote vinne, kwa karatasi, na hesabu ikafanyika katika kila kituo mbele ya mawakala kabla ya fomu kubandikwa mlangoni.

Matokeo

Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, na wanachama wa Changamwe walilalamika, kwa haki, kwamba walisimama juani mara mbili kwa kosa lisilo lao. Mgombea wa kwanza alishinda kwa kura zaidi ya arubaini. Mgombea wa pili alitia sahihi fomu zote nne na kumpa mkono. Wakala wake aliombwa radhi kwenye mkutano, kwa maandishi yaliyosomwa kwa sauti. Kampuni ilirudisha sehemu ya malipo.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni karatasi, na hii si kwa sababu karatasi haina makosa yake, maana hata pale Likoni kipande kimoja kilitoka mlangoni. Ilituokoa kwa sababu haikutegemea programu. Ronald Rivest na John Wack, wataalamu wa kompyuta wa Marekani, waliliweka wazo hili wazi mwaka 2006: mfumo wa kura unafaa pale ambapo kosa lisilogunduliwa ndani ya programu haliwezi kuleta kosa lisilogundulika katika matokeo. Likoni tulikuwa na mfumo wa aina hiyo. Changamwe tulikuwa nao kwa wapiga kura sitini na mmoja, kisha mimi nikauondoa kwa simu moja.

Nimeurudia uamuzi ule mara nyingi. Sababu zake zilikuwa za kweli: jua, foleni, wazee. Lakini ilinibidi niseme kituo kisimame na muda wa kufunga usogezwe, kwa kuwa kura isiyoweza kuhakikishwa haimfaidii mzee aliyeipiga. Jumla ya Changamwe ililingana, 187 kwenye daftari na 187 kwenye seva, na wapo waliosema hilo latosha. Halitoshi. Idadi ikilingana tunajua watu wangapi walipiga kura, bila kujua kama chaguo la kila mmoja limeandikwa kama alivyolifanya. Namibia, ambayo mwaka 2014 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutumia mashine za kura katika uchaguzi wa kitaifa, iliendelea nazo bila karatasi ya kuthibitisha, hadi Februari 2020 Mahakama ya Juu ya huko ilipoamua kwamba kuzitumia kwa namna hiyo kulikwenda kinyume cha katiba. Haikufuta uchaguzi uliokuwa umelalamikiwa, ila mashine hazikuweza kuendelea kama zamani.

Kosa lililofichuka kwa jumla kutowezekana si geni. Mwezi Mei 2003, katika manispaa ya Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 zaidi ya alizopata, na iligundulika kwa kuwa kura zake zilizidi zile ambazo zingewezekana. Idadi hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, jambo lililowaelekeza wataalamu kwenye biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, iliyojigeuza ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kadi za sumaku za wapiga kura zilipohesabiwa upya, hesabu sahihi ilirudi. Hapa kwetu, katika uchaguzi wa Machi 2013, tume ya uchaguzi ilieleza kwamba idadi ya kura zilizokataliwa iliyokuwa ikionyeshwa kwenye skrini ilikuwa ikizidishwa kwa nane na kosa la programu. Mkenya yeyote aliyekuwa akitazama runinga siku zile anakumbuka zile tarakimu.

Karatasi, hata hivyo, hutuambia nini kilipotoka bila kutuambia kwa nini. Bila msimbo tungebaki na kura kumi na tisa zilizoegemea upande mmoja na tuhuma ya wizi juu ya mtu ambaye hakuiba. Kwa hiyo siikubali hoja ya baadhi ya wataalamu kwamba penye karatasi msimbo unaweza kubaki sirini. Mgombea wa kwanza alihitaji msimbo ufunguliwe kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndio uliomsafisha.

Hoja ya siri ya biashara inastahili jibu la heshima, kwa maana kampuni ina haki ya kulinda kazi yake. Lakini kinachofichwa hapa ni namna ya kujumlisha moja na moja, na anayeficha amelipwa na wanaohesabiwa. Ibara ya 86 ya Katiba ya Kenya inataka mfumo wowote wa kura wa tume uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na ulio wazi. Ibara hiyo inaifunga tume, haivifungi vyama vya ushirika, ila sijaona kipimo bora zaidi cha kutumia. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zifunguliwe kwa ukaguzi. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na majaji wanne dhidi ya wawili walipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, kutofunguliwa huko kulihesabiwa dhidi ya tume. Aliyekataa kuonyesha alichukuliwa kuwa na cha kuficha. Kampuni yetu ilikuwa na kosa la kawaida la kiufundi, na ukimya wake ukalifanya lionekane uhalifu.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Katika uamuzi wa tarehe 3 Machi 2009 kuhusu mashine zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa 2005, ilisema kwamba hatua za msingi za kura na hesabu lazima raia aweze kuzikagua bila kuwa na utaalamu maalumu. Kwa kipimo hicho hata mhadhiri wetu hatoshi, kwa kuwa mama wa bandarini angelazimika kumwamini yeye badala ya kuiamini kampuni. Kipande cha karatasi alikisoma kwa macho yake.

Kushindwa kukubwa zaidi kulikuwa katika uwajibikaji, nalo lilianza kabla ya kura. Jaribio la wiki mbili kabla lilitiwa sahihi na watu kumi na wawili, lakini hakuna aliyeandika alama ya utambulisho ya programu iliyojaribiwa, kwa hiyo sahihi zile hazikufungwa kwenye kitu chochote. Tulipouliza nani aliidhinisha toleo la usiku, kampuni haikuweza kutaja mtu. Fundi alitumwa na msimamizi wake, msimamizi akasema ni utaratibu wa kawaida. Kijana wa kazi alibeba lawama za ofisi nzima, na nilimhurumia.

Kanuni mpya za uchaguzi za chama zinasema kwamba alama ya utambulisho iandikwe kwenye fomu ya jaribio na isomwe tena kwa sauti kabla kituo hakijafunguliwa; kwamba kituo kisicho na printa inayofanya kazi kisimame; kwamba kumbukumbu zisiwe na sekunde wala mfuatano; kwamba hesabu ya sahihi ilinganishwe kabla ya skrini kuwashwa; na kwamba asiyekubali msimbo wake usomwe na mkaguzi wa pamoja asipewe zabuni. Kampuni mbili zilijiondoa kwa kifungu hicho cha mwisho. Ya tatu ilikubali.

Limebaki ombi la wanachama wanaofanya kazi nchi za Ghuba, wanaotaka wapige kura kwa simu. Wanachangia kila mwezi na ombi lao ni la haki, lakini hatujapata njia ya kumpa mtu aliyeko Doha karatasi aisome na kuitia katika sanduku lililoko Mombasa. Kamati imeomba hoja hiyo iahirishwe hadi mkutano mkuu ujao.